Mshale Uliosoma Nusu

Mangapwani,
9 Julai 2024

Fundi Hafiz,

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwatum Machano, yule mwanamke wa pikipiki ya kijani yenye tangi la mviringo na magurudumu ya spoki, uliyoicheka ukasema imeundwa juzi lakini inajifanya ya enzi za mababu. Jumamosi nilikuja karakana kwako Jang'ombe unifungie saa ya mizunguko ya injini. Umeifunga, na mahali pa kuifunga umepapata, pale ubavuni mwa taa, sikunyimi haki yako. Lakini nimerudi nyumbani nna hasira, na hasira zenyewe zimekataa kulala.

Nianze na ile karatasi. Maelekezo ya saa yalikuja kwa Kichina na Kiingereza cha kubahatisha. Nikakaa siku mbili nikayafasiri, nikakuandikia kwa mkono wangu: waya mwekundu kwenye swichi, mweusi kwenye bodi, wa tatu uzungushwe kwenye waya wa plagi, halafu mwisho uchague namba inayolingana na cheche za injini. Nimeondoka karakana karatasi yangu iko chini ya sahani ya bajia, imelowa mafuta. Hata kuikunjua hukuikunjua, fundi!

Halafu kitabu cha pikipiki kinasema injini ikinguruma tu, bila kutiwa gia wala mafuta, inazunguka mara elfu moja na mia nne kwa dakika. Saa uliyoifunga inaonyesha mia saba. Nilikuuliza pale pale. Ukanijibu umenipa mgongo, kichwa umekiingiza chini ya tangi, sijui ulisema nini. Jibu hilo nalitaka kwa maandishi.

Usinipigie simu, na usinitumie sauti. Simu yangu inachezewa na watoto wa nyumba nzima, na mambo ya pikipiki yangu si ya nyumba nzima. Barua hii anakuletea Ulfat, shoga yangu, anayekuja Darajani kuuza mayai kila siku ila Ijumaa. Jibu mpe yeye.

Kazi yangu nilikueleza. Natibu ng'ombe na mbuzi, kutoka hapa mpaka Bumbwini na Fujoni. Saa sikuinunua kwa urembo.

Mwatum Machano


Jang'ombe,
13 Julai 2024

Bi Mwatum,

Wa alaykum salaam. Mara ya mwisho mimi kupeleka barua ilikuwa barua ya posa, na hiyo pia aliniandikia ami yangu. Nimekupigia mara nne, umeniona si mtu. Nimekutumia sauti mbili, hata kuzifungua hukuzifungua. Sasa nimekaa mbele ya karakana na kalamu mkononi, wateja wananiuliza kama nimeajiriwa ukarani mahakamani. Haya, barua umeitaka, barua ndiyo hii.

Mie nimezaliwa Tumbatu. Nimeanza kufungua mashine za boti sijaota hata ndevu. Boti ikipita kule nje, mie nimejilaza ukumbini kwa mama, nakwambia hiyo ya nani na plagi yake ipi imechafuka. Hapa Jang'ombe watu wanatoka mpaka Makunduchi kuniletea pikipiki niisikilize tu. Kuisikiliza, bibi! Sijaigusa hata bolti, nshajua ugonjwa. Sasa wewe unanijia na karatasi ya kunisomesha waya mwekundu uende wapi. Bajia niliziweka juu yake kwa kuwa ilikuwa karatasi, na bajia zinataka karatasi.

Hiyo mia saba usiitazame. Saa hizi za bei ya sokoni kule chini hazisomi sawasawa, zikipanda juu ndiyo zinatulia. Injini yako nimeirekebisha kwa sikio langu na iko barabara. Na nikwambie kweli, pikipiki ya umbo la kizamani kuitia saa ya umeme ni kumvisha bibi kizee miwani ya jua. Gia mtu anabadilisha akisikia injini inalia. Mwenyezi Mungu amekupa masikio mawili bure, hayataki waya wala betri. Yatumie.

Hafiz Mabrouk, fundi


Mangapwani,
17 Julai 2024

Fundi Hafiz,

Masikio yangu hayakuhusu. Barua yako nilitaka kuichana, Ulfat ndiye aliyenishika mkono. Neno hilo usinirudie tena, si kwa kalamu wala kwa mdomo.

Nimekuuliza habari ya mia saba, umenijibu habari ya utoto wako. Hata kidogo sikuuliza umezaliwa wapi.

Basi sikiliza tutakavyofanya. Umesema mshale ukipanda unatulia, na kauli yako ninayo kwa mwandiko wako. Kitabu kinasema safari ndefu nisivuke elfu tano. Mie nitaushika kwenye elfu nne, sizidi hata chembe, kwenda na kurudi, kila siku. Saa ikiwa nzima, injini itakaa miaka. Isipokuwa nzima, tutajuana mimi na wewe.

Mikono yangu inaniambia maneno mengine. Nikifika Bumbwini inakuwa imekufa ganzi kwa mtetemo, nashika sindano naiona inacheza. Zamani haikuwa hivyo. Lakini wewe ndiye fundi, na umesema iko barabara, kwa hiyo naufuata mshale wako.

Mwatum Machano


Mangapwani,
5 Agosti 2024

Fundi Hafiz,

Injini imekufa. Sisemi inaumwa, imekufa, hata kiki haishuki. Imenifia jana njia ya Bumbwini, saa mbili asubuhi, mshale uko elfu nne kamili.

Nilikuwa nakwenda kwa Bi Wanu. Ng'ombe wake alikuwa na uchungu tangu alfajiri na ndama amekaa upande. Nikaitupa pikipiki kwa watu wa duka, nikabeba mkoba, nikenda kwa miguu saa nzima na zaidi juani, mengine mbio, mengine kujikokota. Ng'ombe nimemuokoa. Ndama nimemtoa amekufa. Bi Wanu alinimiminia maji ninawe mikono, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Ng'ombe huyo mmoja ndiye anayemlisha, yeye na wajukuu wake.

Pikipiki inakuja kwako leo juu ya gari la mchanga. Ifungue, utazame, uniandikie kwa nini. Kadi yake ina jina la kaka yangu Abrahman, kwa sababu muuzaji alikataa katakata kuandika jina la mwanamke, na ndani ya kadi iko nambari yake ya simu. Usimpigie. Pikipiki ni yangu, nimeinunua kwa jasho langu, na lolote ulilonalo niambie mimi kwa barua. Abrahman tangu siku ya kwanza anatafuta sababu ya kuniteremsha, na mimi nikiteremshwa sina kazi tena. Ng'ombe hawawezi kunifuata nyumbani.

Nimeushika mshale ulivyonambia. Nataka uniambie nimekosea wapi.

Mwatum Machano


Jang'ombe,
9 Agosti 2024

Bi Mwatum,

Nimeifungua. Lahaula! Pistoni imekwaruzika, ringi zimevunjika vipande, valvu moja imepinda. Miaka thelathini nafungua injini, hii sijaiona hata kwa vijana wanaoshindana Mnazi Mmoja usiku wa sikukuu. Wallahi nimeita mafundi wenzangu waje watazame.

Na wewe unaniandikia eti uliushika mshale elfu nne! Bibi, usinifanye mjinga. Injini hii imelizwa kwa wiki tatu. Imelia, imepiga yowe, imeomba huruma, na mtu aliye juu yake anaendelea tu na gia ya tatu kama hakuna lililotokea. Hata mtoto mchanga angejua kwamba hapo pana kitu kinakufa. Halafu unataka nikwambie umekosea wapi, ili ukaniseme kijiji kizima kwamba Hafiz wa Jang'ombe ameharibu. Jina langu hili nimelijenga kwa sikio langu, silikubali likachezewe na mtu asiyejali mali yake mwenyewe.

Nimekupigia mara sita. Sita! Hupokei. Injini inataka kuvuliwa yote, nami siwezi kuivua bila ya idhini, na kungoja mayai ya Ulfat yafike Darajani siwezi. Kwa hiyo nimetazama kadi nikampigia kaka yako. Ulinikataza, najua, lakini na mimi nna haki ya kusikilizwa. Nimemweleza kila kitu. Nimemwambia, dada yako anaendesha kama kiziwi.

Akaniuliza, umesema kama nini? Nikamrudia.

Hafiz Mabrouk


Mangapwani,
11 Agosti 2024

Kwa ndugu yangu fundi Hafiz,

Assalaam alaykum warahmatullah. Mimi ni Abrahman Machano, kaka wa Mwatum. Nakuandikia kukushukuru kwa simu yako, maana umenifungua macho.

Tangu mwaka jana mwezi wa pili, ilipompata ile homa ya wiki mbili, dada yangu amekuwa mtu mwingine. Nikimwita kwa nyuma haitiki naam. Nikidhani ni kiburi cha kazi. Wewe uliposema lile neno nikarudi nyumbani, nikamkuta anapepeta mchele, nikasimama nyuma yake nikaangusha sinia la bati sakafuni. Kuku wote walitawanyika. Yeye aliendelea kupepeta.

Kwa hiyo ndugu yangu, ni kiziwi kweli, na ametuficha mwaka na nusu. Tumekaa kama familia, tumemzuia kuendesha, kwa usalama wake. Ile injini ameiua kwa kutosikia, na hata ndama wa Bi Wanu wa Bumbwini ni kwa sababu hiyo hiyo, nami nimeona nikamweleze mwenyewe Bi Wanu, ili ajue si kudra tupu. Tafadhali itengeneze, kisha uiuze kwa utakayemwona anafaa. Usimkabidhi yeye kwa hali yoyote.

Allah akulipe kheri. Umemsitiri na balaa kubwa.

Abrahman Machano


Mangapwani,
13 Agosti 2024

Hafiz,

Ndiyo. Mimi ni kiziwi. Umefurahi?

Sikio la kushoto halina kitu. La kulia limebaki na mvumo, nikimtazama mtu midomo napata alichosema, akinipa mgongo sipati hata herufi. Ndiyo maana sipokei simu. Ndiyo maana sifungui sauti zako. Ndiyo maana nimekuandikia barua, na wewe badala ya kujiuliza kwa nini mtu mzima anahangaika na bahasha mwaka huu wa leo, umeona ninakudharau. Kila kitu umekipima kwa ukubwa wa jina lako.

Nilijua itakuwaje wakijua, na imekuwa vile vile. Abrahman anazungumza nami kwa kupaza sauti, anatenga neno na neno, kama anayesomesha mtoto chuoni. Wifi zangu wananijadili mbele yangu huku wamefunika midomo kwa mitandio. Juzi mtu wa Fujoni amekuja kuniita, mbuzi wake wamevimba matumbo, wakamjibu barazani kwamba Mwatum siku hizi hawezi. Nilikuwa ndani, nimekamilika, mkoba uko mkononi! Na Bi Wanu amepeleka habari kwamba ng'ombe wake nisimguse tena. Miaka kumi na moja namtibia ng'ombe na mama yake huyo ng'ombe.

Miezi kumi na nane nimeendesha hivi hivi, sijagonga hata kuku. Nna vioo viwili na shingo inayogeuka. Abrahman aligongwa na lori la kokoto pale Mahonda akiwa na masikio yake yote mawili, mazima, hakuna aliyeitisha kikao cha familia kumnyang'anya baiskeli.

Saa ile niliinunua kwa sababu gia nilikuwa nazibadilisha kwa kuhisi mtetemo wa mikononi na miguuni, nikaogopa siku moja nitakosea. Nilitaka kitu cha kutazama ambacho hakikosei. Nikakuletea wewe. Na nikwambie kinachonichoma mpaka sasa: mikono yangu ilijua. Ilikufa ganzi, ikaniambia Mwatum hii injini inakimbia mno. Watu wa Fujoni walikuwa wananigeukia barabarani, nikadhani ni yale yale ya kumshangaa mwanamke kwenye pikipiki, nshazoea. Abrahman mwenyewe alisema ninakimbiza chombo, nikadhani ni lawama zake za kila siku. Nikawakatalia wote, nikaikatalia na mikono yangu, nikauamini mshale wako kwa kuwa uliniandikia ukipanda unatulia.

Uliniambia niyatumie masikio. Sasa yatumie wewe hayo yako unayojisifia, halafu unijibu swali nililokuuliza tarehe tisa Julai. Kwa nini mia saba?

Mwatum Machano


Jang'ombe,
24 Agosti 2024

Bi Mwatum,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Nimeisoma mpaka mwenyewe nikaona aibu kukaa mbele ya watu, nikaingia ndani.

Injini nimeiunda upya, pistoni mpya, ringi mpya, valvu mpya. Jana nikaiwasha. Kwa sikio langu iko pale pale inapotakiwa, elfu moja na mia nne, sina shaka nayo hata kidogo. Nikainua kichwa nikautazama mshale. Mia saba. Nakwambia kweli tupu, ndiyo mara yangu ya kwanza kuutazama. Ile siku ya kwanza niliufunga, nikautupia kitambaa, nikasikiliza injini nikaridhika.

Nikamwendea Hasan, fundi wa magari hapa jirani, anacho kipimo cha uhakika. Kikasema elfu moja na mia nne. Nikatia mafuta mpaka mshale wako ukasimama elfu nne, kipimo cha Hasan kikasema elfu nane. Nikaizima, nikaanza kutafuta karatasi yako.

Karatasi yako nimeipata nyuma ya sanduku la spana, bado ina mafuta. Nimeisoma yote. Mstari wa mwisho umeandika uzuri kabisa, chagua namba inayolingana na cheche za injini. Pikipiki yako kila injini ikizunguka mara moja inapiga cheche moja, kwa hiyo namba ni moja. Mie niliweka mbili. Mashine za boti nilizozoea zina pistoni mbili, cheche mbili, saa zake zote nilizowahi kufunga niliweka mbili, na mkono ukaenda wenyewe. Saa ikawa inasoma nusu. Ulipoona elfu nne ulikuwa kwenye elfu nane, kila siku, wiki tatu. Na wewe uliniuliza siku ile ile ya kwanza, tena kwa hesabu, mia saba na elfu moja na mia nne, nusu kamili, hata mtu asiye fundi angeiona.

Kosa ni langu. Injini hukuiua wewe, nimeiua mimi. Ndama wa Bi Wanu yuko shingoni mwangu. Na neno nililomwambia kaka yako nililisema kwa hasira, kukutukana, sikujua nimemtia kisu mkononi.

Nimeiweka moja sasa. Kaka yako kanambia niiuze. Siiuzi. Nnakuomba radhi, Bi Mwatum, nnaiomba kwa maandishi kama ulivyotaka.

Hafiz


Kando ya njia, kabla ya kuingia Mangapwani,
Jumapili, 8 Septemba 2024

Bi Mwatum,

Hukunijibu, na sikulaumu. Nimekuja mwenyewe kuileta. Hii nnaiandika nimesimama chini ya mnazi, karatasi juu ya tangi, pamba zingali masikioni. Nitaichomeka chini ya kiti uikute.

Asubuhi niliziloweka pamba kwa nta, nikazishindilia masikio yote mawili mpaka Hasan akanipigia kelele usoni nisimsikie, kisha juu nikafunga kilemba. Nilitaka nijue kama kazi yangu inamfaa mtu kama wewe. Darajani nilitaka kurudi. Mtu anakosa kujua kilicho nyuma yake, mwili mzima unakuwa mwoga! Pale Mtoni basi lilinipita ubavuni nikaruka juu ya kiti. Baada ya hapo nikaanza kutazama kioo kila mara, kushoto, kulia, mshale, njia. Nilipofika Bububu nilikuwa natia gia kwa mshale tu. Elfu tatu napandisha, elfu nne nashikilia. Mikono haikufa ganzi hata kidogo.

Nimeona vitu ambavyo miaka yote sijaviona, na sikio langu hili limenifanya mvivu wa macho. Na mimi nilikuandikia, masikio yako yatumie. Astaghfirullah.

Sasa naingia kwenu, nizungumze na kaka yako.

Hafiz


Mangapwani,
10 Septemba 2024

Hafiz,

Barua yako nimeikuta chini ya kiti. Leo nimekwenda Fujoni na kurudi. Injini iko sawa, na ikinguruma mshale unakaa elfu moja na mia nne. Kazi ni nzuri na nakushukuru kwa kazi.

Lakini Jumapili nilikuwa nyuma ya mlango, mlango umeachwa wazi kidogo, na wewe ulikaa barazani umeelekea upande wangu. Nimekutazama midomo tangu ulipoamkia mpaka ulipoaga. Huenda hukujua. Ulivua kilemba, ukatoa zile pamba ukaziweka kwenye kiganja, ukawaonyesha. Watu walisimama! Mzee wa jirani alizishika akazigeuza. Ukawaambia, nimetoka Jang'ombe mpaka hapa sisikii hata upepo, nimefuata saa hii tu, na kama mimi nimeweza basi hata Bi Mwatum anaweza. Ukaletewa chai na mkate wa mofa. Abrahman alikushika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamemlowa. Kisha akaja ndani akanipa ufunguo, akanambia kwa kupaza sauti, fundi amesema inawezekana.

Fundi amesema! Miezi kumi na nane nimeendesha mimi, si kutoka Jang'ombe kuja hapa mara moja tena Jumapili, nimeendesha mvua na jua, na mkoba wa dawa mgongoni. Nimewaambia kwa kinywa changu kila siku tangu siku ya sinia, naweza, nimekuwa nikiweza, nitazameni. Hakuna aliyenitazama. Wewe umeziba masikio kwa muda wa kutoka mjini, ukazibua ukanywa chai, wakaamini.

Hata hilo ningelimeza. Ambalo sikulimeza ni hili. Nilisubiri useme kosa. Midomo yako nimeitazama neno kwa neno, nikasubiri. Ulisema saa, ukasema injini, ukasema Mwenyezi Mungu ni mkubwa, ukasema mengi kuhusu kioo. Hukusema, niliweka mbili badala ya moja. Hukusema, aliniuliza siku ya kwanza nikampuuza. Kwangu umeandika kwamba umeiua wewe, tena vizuri, nusura unilize. Kwao umeonyesha pamba.

Kwa hiyo hapa Mangapwani, na Bumbwini, na mpaka kwa Bi Wanu, habari ni ile ile aliyoieneza Abrahman. Mwatum hasikii, akaiua injini kwa kutosikia, ndama akafa, na fundi mwema wa Jang'ombe akamwonea huruma akamtengenezea. Leo Fujoni mwenye mbuzi aliniruhusu kuingia bandani, lakini alimweka mkewe asimame karibu yangu kunichunga. Mimi! Bi Wanu bado amenifungia lango. Jina lako wewe liko pale pale, zaidi limepanda, wameshaniuliza karakana yako iko mtaa gani.

Najua kwa nini hukusema. Si uongo wako, ni lile jina ulilolijenga kwa sikio lako. Ukiwa peke yako na karatasi unaweza kulivua, mbele ya wanaume wenzako huwezi. Na mimi langu je? Langu nililijenga kwa mikono hii ndani ya mazizi ya watu, miaka kumi na moja, na limevuliwa mbele ya watu bila mimi kuulizwa.

Ufunguo nimeuchukua, maana ni wangu. Radhi uliyoniomba sijaitoa, na kwa barua sitaitoa.

Ijumaa hii baada ya sala baraza letu linajaa, watu wa Bumbwini pia huwa wanapita. Nimempelekea habari Bi Wanu, na ameitikia kuja. Njoo na karatasi yangu ile yenye mafuta ya bajia. Njoo na pamba zako pia ukipenda, lakini usizitoe mfukoni. Simama, usikae, uwasomee mstari wa mwisho, uwaambie uliweka namba gani, na nilikuuliza nini, na ulinijibu nini. Sema kwa sauti, wengine masikio yao ni mazito kuliko yangu.

Mimi nitakuwa mlangoni, safari hii nimeufungua wote. Sitakusikia. Nitawatazama wao nyuso wakikusikia.

Mwatum Machano